Shule Iliyo Mjini na Shule ya Mji: Lugha na Sera ya Elimu Tabora tangu Enzi ya Misafara

Wanaoandika historia ya elimu nchini Tanzania hufika Tabora mapema, na wakifika huanza na jengo. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa na Waingereza mwaka 1922, imepewa mara nyingi jina la Eton ya Tanganyika, na majina ya waliopita humo, akiwamo Mwalimu Julius Nyerere, yametosha kuipa nafasi katika kila kitabu. Mji wenyewe, ambao shule ilichukua jina lake, husahaulika baada ya sentensi ya pili. Mhadhara huu unakusudia kuurudisha mji ndani ya habari hiyo. Hoja yake ni rahisi kuitaja, ingawa matokeo yake si mepesi: kwa muda wa miaka zaidi ya 80 sera ya elimu iliweka shule kubwa katika mji wa Tabora bila ya kuifanya kuwa shule ya mji wa Tabora. Mwanzoni kilichowatenga wenye mji na shule ile kilikuwa nasaba. Nasaba ilipoondolewa mlangoni, lugha ikabaki.

Mji uliozaliwa na njia

Tabora haikuwa kipande cha pwani kilichohamishiwa bara. Katika nchi ya Unyanyembe, chini ya watemi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga makazi yao, yakiwamo ya Kaze, katikati ya karne ya 19. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipofika hapo Novemba 1857 waliwakuta wenyeji wao wamekwisha kutulia katika matembe yao, wana mashamba, watumwa na maghala. Mahali pale njia kuu iliyotoka pwani iligawanyika. Mkono mmoja ulikwenda magharibi mpaka Ujiji na kuvuka ziwa kuelekea Manyema. Mwingine ulipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe na watumwa vilishuka, nguo, shanga na nyaya za shaba zikapanda, na kila kilichopita kilipumzika Unyanyembe.

Kwa mtaalamu wa lugha, jambo kubwa katika habari hiyo ni mabega yaliyobeba mizigo. Wapagazi walio wengi walikuwa Wanyamwezi, nao walikuwa wamekwisha kuijua njia ya pwani kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaijua njia ya bara. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa na desturi zake, heshima yake na utaratibu wake, wala haikuwa kazi ya watu waliosukumwa tu. Kutokana na hayo inafuata kwamba Kiswahili hakikuletwa Tabora na mgeni peke yake. Mnyamwezi aliyekwenda Bagamoyo akarudi alikileta nyumbani kwake kwa miguu yake, kama alivyoleta nguo. Dhana kwamba Kiswahili kilienezwa bara na Mwarabu, kisha na Mjerumani, humwondolea mpagazi sifa iliyo yake.

Waliokaa mjini walikuwa watu wa asili nyingi. Walikuwapo Wanyamwezi, Waarabu wa Omani na wazao wao, Wangwana wa pwani, Wamanyema walioletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengi wao wakiwa watumwa, na baadaye Wahindi wenye maduka. Mwanahistoria Karin Pallaver, ambaye kitabu chake juu ya Tabora kilichapishwa kwa Kiitaliano mwaka 2010, ameufuatia mji huo tangu miaka ya 1840 hadi 1916 kama mji wenye maisha yake, na katika jina la kitabu ameuita Zanzibar nyingine. Jina hilo lina ukweli, lakini lisimpoteze msomaji. Zanzibar ilikuwa na lahaja yake kabla ya biashara ya misafara. Tabora ilipata lugha yake ya mji kwa sababu ya biashara hiyo, na watoto wa watu waliokutana hapo hawakuwa na lugha nyingine iliyowakusanya wote. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Unyanyembe, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode. Ni mojawapo ya maandishi makubwa ya nathari ya Kiswahili ya zama zile, na mandhari yake ni bara zaidi kuliko pwani. Wanaisimu waliozoea kukitafuta Kiswahili safi visiwani wamechelewa mno kuuliza Kiswahili cha mji huu kilikuwaje.

Elimu nayo ilikuwapo. Palikuwa na vyuo vya Kurani, na mwishoni mwa karne tarika ya Kadiriya ilipata wafuasi wengi mjini. Chuoni mtoto alijifunza herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo mtu mzima aliweza kuandika barua ya biashara kwa Kiswahili. Serikali zilizofuata hazikuihesabu elimu hiyo. Mtu aliyejua kusoma na kuandika kwa hati ya Kiarabu aliamka siku moja akajikuta, kwa mujibu wa daftari la serikali, hajui kusoma.

Wajerumani walimshinda mtemi Isike mwezi Januari 1893, baada ya vita ambavyo mtemi mwenyewe alivimaliza kwa kuilipua ghala ya baruti ndani ya boma lake kuliko kutekwa. Utawala wao ulikichukua Kiswahili ulivyokikuta. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1890, ikawa mfano wa shule za serikali nyingine: zilifundisha kwa Kiswahili, kwa herufi za Kirumi, zikatoa makarani, walimu na maakida. Shuleni humo humo Tanga likatoka gazeti la Kiongozi kuanzia mwaka 1904. Sera hiyo haikukusudia kuwatukuza Waswahili. Ilikusudia utawala wa gharama ndogo. Hata hivyo ilikuwa na tabia moja ambayo haikurudi tena kwa muda mrefu: mtoto wa mjini aliyezaliwa katika Kiswahili aliingia darasani akiwa mbele ya wengine. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, upagazi wa masafa ukafa, lakini lugha ya wapagazi ilikuwa imekwisha kuwa lugha ya ofisi.

Wana wa watemi

Waingereza waliirithi nchi wakiwa na shaka juu ya urithi huo. Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1920 chini ya Stanley Rivers-Smith, na miaka miwili baadaye ikafunguliwa Shule ya Tabora kwa ajili ya wana wa watemi na wakubwa wengine wa jadi. Gavana Donald Cameron alipokuja mwaka 1925 na kuanza kuutandaza utawala wa kupitia kwa watemi, shule iliyokwisha kuwapo ikapata maana kamili. Wavulana waliofundishwa Tabora walitarajiwa kurudi makwao kutawala kwa niaba ya serikali, wakiwa na adabu ya shule ya bweni ya Kiingereza na utii wa kabila. Kwa hiyo ndani ya shule walipangwa kwa makabila yao, ili shule isiwasahaulishe walikotoka.

Ni vema kuitazama kwa makini mantiki ya sera hiyo, kwa kuwa haisemwi wazi katika sifa zinazoimbwa kuhusu shule ile. Akida wa Mjerumani alikuwa mtu wa mji, mara nyingi Mwislamu, msemaji wa Kiswahili, asiye na kabila katika wilaya aliyoitawala. Waingereza walimwona kuwa mfano wa kila walichotaka kukiepuka. Machoni pao Mwafrika wa mjini alikuwa mtu aliyetoka katika kabila lake na ambaye hajaingia mahali pengine popote. Basi wakati walipoijenga shule yao bora katika mji mkubwa kuliko yote ya bara, waliijenga kwa kupinga kile ambacho mji huo ulikuwa. Tabora ilichaguliwa kwa sababu ya reli na kwa sababu ya kuwa katikati ya nchi. Haikuchaguliwa kwa sababu ya watu wake. Mvulana aliweza kusafiri siku kadhaa kutoka nchi ya mbali ili asome hapo, na mtoto wa Mmanyema aliyekaa Ng'ambo au Isevya, mwendo wa dakika chache, akabaki nje. Mlango wa mwenyeji ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mlango wa ikulu: Abdallah Fundikira, aliyezaliwa mwaka 1921 katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alisoma Tabora, akaenda Makerere, baadaye akashika utemi na kisha uwaziri. Aliingia akiwa mwana wa nchi ya Unyanyembe. Mji wa Waswahili hakuuwakilisha.

Shule za misheni zingeweza kuziba pengo, lakini kwa mji wenye Waislamu wengi hazikuwa kimbilio rahisi. Wazazi walihofu, na hofu yao haikuwa ya bure, kwamba daftari la shule na daftari la ubatizo yalikaa meza moja. Hivyo shule ya serikali, iliyopasa kuwa tumaini la watu hao, ikawa ndiyo iliyowekewa masharti ya nasaba. Masharti hayo yalilegezwa kufikia miaka ya 1930. Nyerere aliingia mwaka 1937 kwa kufaulu mtihani, akitokea shule ya Mwisenge, Musoma. Alikuwa mwana wa mtemi mdogo wa Kizanaki, lakini alichukuliwa kwa akili yake.

Hapa ndipo lugha ilipoanza kufanya kazi ambayo nasaba iliacha. Katika utaratibu uliojengwa miaka ya 1920, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya chini, na Kiingereza kikashika nafasi yake kadiri mwanafunzi alivyopanda, hata shule ya sekondari ikawa ya Kiingereza kitupu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia usanifishaji. Kazi ya Kamati hiyo haidharauliki. Bila yake pasingekuwa na vitabu vya shule vya kutosha wala kamusi ya mwaka 1939. Lakini itazamwe kutoka Tabora. Lugha ya mji ilisanifiwa mbali na mji, kisha ikapewa ngazi za chini tu za shule. Mtoto wa mjini alipoteza mara mbili: Kiswahili chake hakikuwa kile cha kitabu, na hata kile cha kitabu hakikumvusha.

Wala haikuwa kwa ubahili wa bahati mbaya. Kiingereza kilikuwa na thamani kwa sababu kilikuwa haba, na serikali ilihitaji watu wachache wenye nacho. Kingegawiwa kwa wengi kingewatoa watu mashambani. Kingenyimwa wote pasingekuwa na makarani. Darasa la kubadilisha lugha likawa kizuizi cha njiani, kama kituo cha ushuru cha zamani ambako misafara ililipa hongo kabla ya kupita.

Nje ya uzio wa shule, Tabora iliendelea kuwa mji wa Kiswahili. Kipalapala, mahali pa Mapadri Weupe karibu na mji, palikuwa na seminari, na kiwanda cha uchapaji cha misheni kilichokuwa Tabora kilitoa vitabu vingi vya Kiswahili. Mwaka 1950 gazeti la Kikatoliki lenye jina lile lile la Kiongozi lilianza kutolewa huko. Nyerere mwenyewe alirudi mjini kutoka Makerere, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria kuanzia mwaka 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Mji uliokuwa na darasa la Kiingereza lililo maarufu kuliko yote nchini ulikuwa pia mji unaochapa Kiswahili kwa tani. Vitu hivyo viwili vilikaa jirani kama watu wasiosalimiana.

Vilikutana mara moja kwa kishindo. Mwezi Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ambao haki ya kupiga kura ilipimwa kwa kipato, elimu au wadhifa. Masharti ya elimu yalikuwa ni ile ngazi ya lugha iliyogeuzwa kuwa sheria ya uchaguzi: waliofika juu walikuwa raia, waliobakia chini walikuwa wasikilizaji. Wajumbe wengi walitaka kuususia. Nyerere, mhitimu wa shule iliyokuwa hapo hapo mjini, aliwashawishi kwa Kiswahili wakubali kushiriki ili wauvunje utaratibu huo kutoka ndani. Uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Ushindi wa chama katika uchaguzi wa 1958 na 1959 ulipatikana kwa kura za wenye sifa, lakini hoja iliyouleta ilitolewa katika lugha ya wasio nazo.

Kijiji ndani ya sera, mji nje yake

Uhuru ulipoingia, shule za sekondari nchi nzima zilikuwa kiasi cha 40, na utaratibu wa shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika ulifutwa kuanzia Januari 1962. Katika miji mabadiliko hayo yalionekana kwa macho. Shule za msingi zilizokuwa za Waasia, zenye kufundisha kwa Kiingereza, ziliwafungulia milango watoto wa majirani. Kwa miaka michache mtaa mmoja uliweza kuwa na watoto wawili wa umri mmoja wanaojifunza hesabu kwa lugha mbili. Mwaka 1967 serikali iliamua kwamba elimu yote ya msingi itolewe kwa Kiswahili. Kwa mji kama Tabora uamuzi huo ulikuwa haki iliyochelewa, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtoto wa mjini alimaliza ngazi nzima ya elimu katika lugha ya nyumbani kwake.

Mwaka huo huo, mwezi Machi, ilitoka Elimu ya Kujitegemea. Maandishi hayo yamesomwa sana na yanastahili kusomwa tena, lakini mara chache yamesomwa kutoka mjini. Shule inayofikiriwa humo ni ya kijijini, yenye shamba, na ubaya mkubwa unaolaumiwa ni wa elimu inayomfanya kijana aitazame barabara ya mjini. Mtoto ambaye tayari yuko mwisho wa barabara hiyo, ambaye nyumbani kwao kuna cherehani au gari la mkokoteni badala ya jembe, hakupata ukurasa wake. Walimu wa shule za mjini walitafuta vipande vya ardhi pembezoni ili watimize agizo. Kuna kejeli ya historia hapa: serikali ya kizalendo iliyokuja kuondoa sera ya Mwingereza ilirithi, bila kukusudia, wasiwasi wake juu ya mji.

Shule kubwa za bweni nazo zikawa za taifa. Wanafunzi walipangwa mbali na makwao kwa makusudi, na kuanzia miaka ya 1970 nafasi zikagawanywa kwa mikoa na wilaya ili maeneo yaliyoachwa nyuma yasimezwe. Sera hiyo ilijenga kitu chema. Kijana wa Kagera na wa Mtwara walilala bweni moja Tabora, na lugha waliyoongea bwenini ilikuwa Kiswahili, chochote kilichoongewa darasani. Shule ya Wasichana ya Tabora, ambayo katika miaka ya 1960 iliongozwa na Barbro Johansson, mwanamke mzaliwa wa Sweden aliyechukua uraia wa nchi hii na kukaa bungeni, nayo ikakusanya mabinti wa nchi nzima. Ila kwa mtoto wa Kanyenye au Gongoni uwezekano wa kuingia katika shule aliyoiona kila siku haukuongezeka sana. Watemi waliondoka, wana wa taifa wakaingia, mji ukaendelea kutazama kupitia uzio.

Lugha ya sekondari ilikaribia kubadilika, kisha haikubadilika. Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulikusudia kwamba Kiswahili kipande mpaka sekondari. Somo la siasa lilivuka; mengine yakangoja. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walitoa kwa BAKITA utafiti wao juu ya haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kutumia Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali ilikataa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza shuleni na kukuta kwamba wanafunzi walio wengi hawakukimudu kwa kiasi cha kujifunzia masomo; hata hivyo matokeo yake yakawa mradi wa kukiimarisha Kiingereza. Nyerere, aliyeitafsiri *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969 na hivyo kukionyesha Kiswahili kinavyoweza kubeba mzigo wowote, alisimama miaka hiyo upande wa kubakiza Kiingereza, akikieleza kuwa ndicho Kiswahili cha dunia. Wengi wameona katika hayo mgongano wa mtu na nafsi yake. Pengine ni sahihi zaidi kusema kwamba alikuwa na imani ya mtu aliyevuka daraja: Kiingereza cha Tabora kilimfikisha alikofika, na hakuona sababu ya daraja hilo kuvunjwa. Lakini Tabora ya mwaka 1937 ilifundisha wavulana wachache waliochujwa, bwenini, mbele ya walimu ambao Kiingereza kilikuwa lugha yao ya kuzaliwa. Daraja hilo halikujengwa kwa ajili ya umati.

Tasnifu na mji uliokosekana

Suala hili limezaa tasnifu nyingi za uzamivu. Zaline Roy-Campbell, katika tasnifu aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1992, aliuliza kama lugha ya kufundishia Tanzania imechaguliwa kwa sababu za ufundishaji au za madaraka. Mwaka 2007 Halima Mwinsheikhe na Mwajuma Vuzo walihitimu Chuo Kikuu cha Oslo kwa tafiti zilizoingia darasani kabisa: mmoja alifuatia mbinu ambazo walimu na wanafunzi wa sayansi huzitumia kuukwepa ukuta wa Kiingereza, mwingine alilinganisha madarasa ya jiografia yaliyofundishwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwa jumla kazi za mkondo huo zimethibitisha kile ambacho mwalimu yeyote anakijua: mwanafunzi huelewa zaidi, huuliza zaidi na huogopa kidogo anapofundishwa kwa Kiswahili.

Lililobaki bila kushughulikiwa ipasavyo ni mahali. Katika nyingi ya tasnifu hizo mwanafunzi wa Tanzania ni mmoja, na Kiswahili ni lugha yake, basi. Mkoa wa Tabora unatosha kuonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Mtoto wa Isevya huzaliwa katika Kiswahili. Mtoto wa Lusu, kata ya wilaya ya Nzega kaskazini mwa mkoa, aghalabu huanza na Kinyamwezi au Kisukuma, na Kiswahili hukikuta kwa ukamilifu darasa la kwanza. Hata huko hali haisimami: mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, uliofanya kazi hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi ulipofungwa katika muongo wa 2010, uliwaleta watu wa lugha nyingi, na palipo na watu wa lugha nyingi katika nchi hii Kiswahili huja na mizigo yao, kama zamani. Sera ya taifa huwakutanisha watoto hawa wawili kidato cha kwanza na kuwataka wote wawili waanze upya kwa Kiingereza. Kwa wa Lusu hiyo ni lugha ya tatu, kwa wa Isevya ni ya pili, na mtihani ni mmoja.

Tasnifu zitakazofuata zingefanya vema kuanza na ramani. Swali la lugha gani ifundishie lina majibu yanayojulikana kwa miaka 40 sasa. Swali la nani hasa anapoteza, wapi, na kwa kiasi gani, bado lina uwanja mpana, na halitajibiwa kwa sampuli ya shule za Dar es Salaam peke yake.

Mlango uliofunguliwa

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulileta badiliko kubwa kuliko yote tangu 1922. Kila kata ilitakiwa kuwa na sekondari yake, na wananchi wakachanga nguvu na fedha. Mwaka 2003 nchi ilikuwa na sekondari takriban 1,000 zikijumlishwa na za binafsi. Kufikia 2009 zilizidi 4,000. Mtoto wa Ng'ambo aliweza sasa kutembea kutoka kwao mpaka kidato cha kwanza, na wa Lusu vivyo hivyo. Hatimaye ilipatikana shule ya mji. Ilipatikana pia ya kijiji.

Lakini ilikuja na lugha ya ile shule nyingine. Madarasa yalijengwa haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa, maktaba hazikuwapo, na Kiingereza ambacho mwaka 1922 kilikusudiwa kwa wachache kikawa lugha ya mafunzo ya umma wote. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Matokeo yalifutwa na kupangwa upya, na hata baada ya hapo waliofeli walibaki zaidi ya nusu. Ulitajwa upungufu wa vitabu, maabara na walimu, yote yakiwa kweli. Lugha ilitajwa pia, kwa sauti ya chini kidogo.

Wakati huo huo, tangu miaka ya 1990, wenye uwezo mijini walikwisha kupata njia yao. Shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo watu huziita kwa kifupi midiamu, zilirudisha ule mtaa wa miaka ya mwanzo ya uhuru wenye watoto wa umri mmoja na lugha mbili. Tofauti ni kwamba safari hii kinachowagawa ni mfuko wa mzazi. Si busara kumlaumu mzazi huyo. Anausoma mfumo jinsi ulivyo, na anamlipia mtoto wake ushuru wa kizuizi mapema.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiendelea kutumika, na wapenzi wa lugha walishangilia. Utekelezaji haukufika darasani. Ada ya sekondari katika shule za umma iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Kisha sera hiyo ikafanyiwa mapitio, na toleo lake la mwaka 2023, lililozinduliwa Februari 2025, limeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kiswahili kimebaki lugha ya shule za msingi za umma, na Kiingereza lugha ya sekondari.

Maana ya mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja ni kwamba kile ambacho Shule ya Tabora iliwataka wana wa watemi wakifanye, kwa hiari ya baba zao na kwa ahadi ya utawala, sasa sera inamtaka kila mtoto wa nchi akifanye kwa miaka minne: wa Isevya, wa Gongoni, na wa Lusu ambaye asubuhi anaagana na bibi yake kwa Kinyamwezi, njiani anazungumza na wenzake Kiswahili, na kengele ikilia anafungua kitabu cha baiolojia.